Picha ipi ya uboho? Swali la kuuliza kabla ya kupanda basi la Nairobi

KAMPALA. Kabla jua halijachomoza, Nakivubo imekwisha kuamka. Malori yanashusha marobota ya mitumba karibu na uwanja wa mpira, wachukuzi wanayapokea mgongoni na kuyapeleka Owino, na huko Kikuubo zinafungwa katoni za sabuni, mafuta ya kupikia na viatu vinavyosafiri kwenda Juba, Bunia, Goma na Kigali. Hapa mgongo ndio mtaji wa kwanza wa mtu, na maumivu ya mgongo yamezoeleka kama vumbi la barabarani.

Ndiyo maana mtu wa Nakivubo akianza kuumwa kiuno, lawama ya kwanza huangukia mzigo. Atachuliwa kwa dawa, atameza vidonge vya maumivu, atapumzika Jumapili na Jumatatu atarudi kazini. Mara nyingi hupona, kwa kuwa kweli ulikuwa mzigo. Lakini wapo wachache ambao maumivu yao hayatoki kwenye misuli. Yanatoka ndani ya mfupa wenyewe, kwenye uboho, na chanzo chake ni saratani.

Chukua mfano wa mama wa miaka 55 anayeuza mashuka jirani na mfereji wa Nakivubo. Kiuno kimemuuma miezi minne. Usiku ndipo kinapozidi. Damu yake imepimwa, ikaonekana imepungua, na daktari akamwelekeza Mulago, kilomita chache kutoka dukani kwake. Huko anarudi na karatasi yenye jina la kipimo. Jirani mmoja anamwambia eksirei inatosha. Mwingine anasema aende MRI. Wa tatu, ambaye husafiri kila mwezi kununua bidhaa Eastleigh, anaapa kwamba Nairobi kuna mashine inayoona saratani popote ilipojificha mwilini.

Mama huyo ni wa mfano tu, lakini swali lililo mbele yake huwafika wagonjwa wa kweli na jamaa zao. Je, auze mzigo wa mwezi huu apande basi, au asubiri kipimo cha karibu? Jibu halimo kwenye ukubwa wa mashine wala kwenye bei yake. Limo katika kujua kila kipimo kinajibu swali gani.

Kiwanda ndani ya mfupa

Uboho ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Ndiyo kiwanda cha damu: hapo hutengenezwa seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu jeraha likitokea.

Uboho uko wa aina mbili. Mwekundu ndio unaotengeneza damu. Wa manjano umejaa mafuta na kazi yake imepungua. Mtoto anapozaliwa, karibu uboho wake wote ni mwekundu. Kadiri anavyokua, ule wa manjano huanza kuchukua nafasi kwenye mifupa ya mikono na miguu, ukisogea polepole kuelekea katikati ya mwili. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu hubaki zaidi kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kidari, fuvu na sehemu za juu za mapaja na mikono.

Jambo hili ni la msingi kwa anayesoma picha. Uboho wa mtoto wa miaka 6 hauwezi kusomwa kama wa mzee wa miaka 70. Kinachoonekana kama ugonjwa kwa mmoja kinaweza kuwa hali ya kawaida kwa mwingine.

Saratani huingia kwenye uboho kwa njia tatu. Ya kwanza, inaanzia hapohapo, kama ilivyo kwa lukemia na mieloma. Ya pili, inaanzia kwenye tezi za limfu kisha inaingia, kama zinavyofanya baadhi ya limfoma. Ya tatu, inasafiri na damu kutoka kiungo kingine, hasa titi, tezi dume na mapafu. Watu wenye asili ya Afrika wana sababu ya kuijua mieloma: takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba Wamarekani weusi huipata kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya weupe.

Sindano: kufungua robota moja

Kipimo cha kale na cha lazima ni sindano. Daktari hutia ganzi, kisha huingiza sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, akavuta majimaji ya uboho na kukata kipande chembamba. Vyote hupelekwa maabara, vikatazamwa kwa hadubini. Hakuna picha ya nje inayoweza kuonyesha seli moja moja kama sindano inavyofanya. Ndiyo inayotaja jina la ugonjwa.

Upungufu wake unaeleweka haraka na yeyote aliyewahi kununua mitumba. Ukifungua robota moja kati ya mia na ukakuta mashati safi, bado hujui kilichomo kwenye 99 yaliyobaki. Kuna saratani zinazokaa uboho kwa madoa madoa: hapa ipo, sentimita chache pembeni haipo. Sindano ikipita palipo salama, majibu yatatoka safi na mgonjwa bado ni mgonjwa.

Hapo ndipo picha zinapohitajika. Picha hutazama kontena zima bila kulifungua. Haioni nyuzi za kitambaa, lakini inaweza kuonyesha ni robota lipi lifunguliwe. Sindano na picha haziondoani kazini, na daktari anayeomba vyote viwili si lazima awe anamwongezea mgonjwa gharama bure.

Eksirei na CT: wanaoona ukuta

Eksirei ni ya bei nafuu na inapatikana hadi kwenye vituo vingi vya wilaya. Tatizo ni kwamba inaona mfupa, haioni uboho. Ili shimo lililotobolewa na saratani lianze kuonekana kwenye eksirei, mfupa wa mahali hapo huwa umekwisha kupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake. Kwa maneno ya sokoni, eksirei hutambua wizi pale ukuta wa ghala unapokuwa karibu kuanguka.

Kwa hiyo eksirei ikionyesha mfupa uliovunjika au uliotobolewa, taarifa hiyo ni ya kuaminika. Ikionyesha mifupa salama kwa mtu ambaye dalili zake zinaendelea, haijamaliza kesi.

CT ni mionzi ileile ya eksirei, ila mashine huzunguka mwili na kompyuta huunganisha picha kuwa vipande vyembamba. Inaona mashimo madogo ambayo eksirei ya kawaida hupitwa nayo, na inaonyesha vizuri pingili iliyo hatarini kuvunjika. Kwa wagonjwa wa mieloma, CT ya mwili mzima yenye kipimo kidogo cha mionzi imechukua nafasi ya zile eksirei za mfupa mmoja mmoja katika hospitali nyingi duniani. Huchukua dakika chache na mgonjwa mwenye maumivu makali huweza kuivumilia. Hata hivyo, nayo ni hodari zaidi wa kuta kuliko wa kilichomo ndani. Uboho ulioanza kuvamiwa kabla mfupa haujaliwa unaweza kuipita.

Ultrasaundi, ambayo wengi hulipia wakiamini inaona kila kitu, haisaidii hapa. Mawimbi yake hayapenyi mfupa uliokomaa.

Skani ya mifupa: inayofuata mafundi

Kipimo kingine huitwa skani ya mifupa. Mgonjwa hudungwa dawa yenye kiasi kidogo cha teknetiamu, madini yenye mionzi, kisha baada ya saa chache kamera maalumu hupiga picha ya mwili mzima. Dawa hiyo hukimbilia mahali ambapo mfupa unajengwa upya.

Saratani ya tezi dume na ya titi, zikifika kwenye mfupa, mara nyingi huuchokoza ujijenge kwa fujo, na skani hii huziona vizuri. Mieloma ina tabia tofauti. Inabomoa na kuwazuia mafundi wasijenge. Kwa kuwa hakuna ujenzi, skani inaweza kutoka safi huku mifupa ikiendelea kuliwa. Mgonjwa wa mieloma anayefarijiwa na skani safi ya mifupa amepewa jibu la swali ambalo si lake.

MRI: inayoingia ndani ya ghala

MRI haitumii mionzi. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, na inachokisoma ni maji na mafuta ya mwilini. Kwa uboho, hiyo ni faida kubwa. Uboho wa mtu mzima una mafuta mengi, na kwenye aina moja ya picha za MRI mafuta hung'aa. Seli za saratani zinapoingia huyafukuza mafuta hayo, na mahali hapo hugeuka kuwa peusi. Daktari hahitaji kusubiri ukuta ubomoke. Anaona bidhaa zinabadilishwa ndani ya ghala.

Uwezo huo umebadilisha kanuni za tiba. Mwaka 2014, kundi la kimataifa la wataalamu wa mieloma lilikubaliana kwamba kwa mtu ambaye sindano imekwisha kuonyesha seli za mieloma, madoa zaidi ya moja kwenye MRI, yenye ukubwa wa milimita 5 au zaidi, yanatosha kuanzisha matibabu hata kama mifupa bado haijavunjika wala figo hazijaharibika. Kabla ya hapo wagonjwa wa namna hiyo waliambiwa wasubiri.

Kuna pia hali moja ambayo MRI haina mpinzani. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya mgongo akianza kuhisi ganzi miguuni, miguu ikalegea, au akashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, huenda uvimbe unaubana uti wa mgongo. Hiyo ni dharura ya saa, haiwezi kungoja wiki. MRI ya mgongo ifanyike haraka katika hospitali ya karibu inayoweza. Kumpandisha mtu huyo basi la usiku kwenda kutafuta mashine kubwa zaidi ng'ambo ya mpaka kunaweza kumgharimu miguu yake.

MRI ina masharti yake. Mgonjwa hulala kimya ndani ya bomba lenye kelele, na picha ya mwili mzima inaweza kuchukua dakika 45 au zaidi. Anayeogopa mahali finyu aseme mapema. Chuma mwilini ni hatari: baadhi ya vifaa vya kusukuma moyo, na pia risasi au vipande vya bomu vilivyosahaulika. Kwa wagonjwa wanaotoka mashariki mwa Kongo au Sudan Kusini, swali hilo la mwisho halipaswi kuchukuliwa kama utaratibu wa karatasi tu.

PET: sukari inayowafuata wezi

Mashine inayosifiwa na jirani wa mama muuza mashuka ni PET, ambayo siku hizi huunganishwa na CT katika kitanda kimoja. Msingi wake ni rahisi. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa. Wataalamu huchukua sukari inayofanana na glukosi, wakaifunga na florini yenye mionzi, wakamdunga mgonjwa aliyefunga kula kwa saa kadhaa. Mgonjwa hupumzika kwa muda wa saa moja hivi, kisha mashine hutafuta sukari imekimbilia wapi.

Nguvu ya PET ni kwamba inaona mwili mzima kwa mara moja na inaona uhai wa ugonjwa. Baada ya matibabu, MRI inaweza kuendelea kuonyesha kovu kwa miezi mingi, kama majivu yanayobaki jikoni. PET husaidia kujua kama chini ya majivu bado kuna kaa la moto.

Kwa limfoma ya Hodgkin imeleta nafuu ya pekee. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2014 unaoitwa Lugano, jina la mji wa Uswisi, ulisema kwamba mgonjwa aliyepigwa PET-CT hahitaji tena kuchomwa sindano ya uboho kama jambo la kawaida. Kwa limfoma kubwa ya seli B inayosambaa, PET ikionyesha wazi kuwa uboho umeingiliwa, sindano inaweza kuachwa. Ikiwa PET haioni kitu, sindano bado inaweza kuhitajika pale ambapo majibu yake yatabadilisha tiba.

Lakini PET nayo hudanganywa. Kwanza, si kila mla sukari ni mwizi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaojulikana vizuri katika ukanda huu, hung'aa kwenye PET kama saratani. Ni sindano ndiyo itakayoamua kati ya dawa za TB na dawa za saratani. Pili, mgonjwa aliyedungwa dawa ya kuongeza seli nyeupe baada ya kemo, uboho wake wote huchangamka na kung'aa kuanzia shingoni hadi nyongani. Msomaji asiyeambiwa habari hiyo anaweza kudhani saratani imesambaa. Upungufu mkubwa wa damu nao huweza kuleta picha ya namna hiyo. Tatu, zipo mieloma na limfoma za polepole zisizopenda sukari hiyo, na hizo zinaweza kupita bila kuonekana.

Bidhaa inayooza kwa dakika 110

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua bidhaa zinazoharibika. Samaki wa Ziwa Viktoria, maziwa na nyanya vyote vina saa zao. Hakuna kati yake inayoharibika kama sukari ya PET.

Florini yake hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya dakika 110. Ikiwa imetoka kiwandani na sehemu 100, baada ya chini ya saa 2 zimebaki 50. Baada ya dakika nyingine 110 zimebaki 25. Zikifika saa 11, zimebaki chini ya 2. Muda huo hautoshi kwa basi nyingi kufika Kampala kutoka Nairobi, hata foleni ya Malaba au Busia isipokuwepo.

Kwa sababu hiyo, mashine ya PET peke yake haitoshi. Lazima karibu yake kuwe na saiklotroni, mtambo unaotengeneza florini hiyo, au ndege na ratiba isiyochelewa. Nairobi ina mitambo hiyo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tanzania imewekeza kuileta huduma hiyo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Teknetiamu ya skani ya mifupa ina bahati zaidi. Nayo hupoteza nusu ya nguvu kila saa 6, lakini ina mama yake, madini yaitwayo molibdenamu, ambayo huchukua takriban saa 66 kufikia nusu. Hospitali huagiza mama, akasafiri kwa ndege ndani ya chombo cha risasi, na kila asubuhi mafundi huchota teknetiamu kutoka kwake. Wenyewe huita kazi hiyo kukamua ng'ombe. Ng'ombe anavuka mpaka, maziwa hutumika palepale.

Kwa sukari ya PET hakuna ng'ombe wa kusafirishwa. Dawa haiwezi kumfuata mgonjwa mbali, basi mgonjwa ndiye anayeifuata dawa.

Mpaka si jambo geni kwa ugonjwa huu

Kampala ina historia ndefu ya kutafuta saratani kwa kuvuka mipaka. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri kwa wiki 10 na takriban kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama ugonjwa huo unaonekana hapo. Ramani iliyotokana na safari hizo ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua. Haukujali mistari iliyochorwa na wakoloni.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Enzi hizo kujua kama uboho wa mtoto umeingiliwa kulitegemea sindano na hadubini. Leo taasisi hiyo hupokea pia wagonjwa kutoka nchi jirani.

Ukanda umekwisha kuona hasara ya kutegemea mashine moja. Mwaka 2016, mashine ya serikali ya tiba ya mionzi pale Mulago, iliyokuwa peke yake nchini, iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walitafutiwa nafasi Nairobi, na mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Ile ilikuwa mashine ya tiba, si ya picha, lakini somo ni lilelile.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimejaribu kulijibu kwa kugawana kazi. Chini ya mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Uganda ilipewa kituo cha umahiri wa saratani, Kenya figo na njia ya mkojo, Tanzania moyo na mishipa ya damu, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na afya ya mtandao, na Burundi lishe. Mpango wa namna hii una maana kwa mgonjwa pale tu atakapoweza kufuata huduma bila kuanza upya kila anapovuka. Kitambulisho cha taifa kinaruhusu Waganda, Wakenya na Wanyarwanda kutembeleana tangu mwaka 2014. Picha za mgonjwa hazina kitambulisho. Zikisahauliwa nyumbani, kipimo hulipiwa mara ya pili.

Kabla ya kukata tiketi

Kwa mgonjwa au jamaa anayefikiria kusafiri, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: picha hii inajibu swali gani? La pili: majibu yakitoka hivi au vile, tiba itabadilika vipi? Ikiwa tiba itakuwa ileile kwa majibu yoyote, safari inaweza kusubiri. La tatu: kuna kipimo cha karibu kinachoweza kujibu swali hilohilo?

Kwa muhtasari, mfupa unaoelekea kuvunjika ni swali la CT. Uti wa mgongo unaobanwa, au uboho ulioanza kuvamiwa mapema, ni swali la MRI. Saratani ya tezi dume au titi iliyosambaa kwenye mifupa mara nyingi huanza kutafutwa kwa skani ya mifupa. Limfoma imefika wapi, na imeitikiaje dawa, ni swali ambalo PET hulijibu vizuri. Jina la ugonjwa wenyewe ni swali la sindano.

Safari ikiwa ya lazima, mzigo wa mgonjwa uwe na vitu hivi. Diski yenye picha zote za zamani, kwa sababu ripoti ya karatasi peke yake haimwezeshi daktari mwingine kulinganisha. Majibu ya maabara ya kinyama au uboho, na ikiwezekana vioo vyenyewe vya hadubini. Majibu ya figo, kwa kuwa dawa inayodungwa kung'arisha picha za CT inaweza kuzidhuru figo zilizochoka, na mieloma huzichosha. Orodha ya dawa na tarehe: kemo ya mwisho ilikuwa lini, sindano ya kuongeza seli nyeupe ilikuwa lini. Baada ya kemo, wataalamu hushauri kungoja angalau wiki 3 kabla ya PET ili picha isipotoshe. Mwenye kisukari aseme kabla ya siku ya kipimo, kwa sababu sukari nyingi kwenye damu hugombania mlango na sukari ya mashine. Mjamzito aseme. Mwenye chuma mwilini aseme.

Na kipimo cha kufuatilia, inapowezekana, kifanyike kwa mashine ya aina ileile iliyotumika mwanzoni. Kulinganisha MRI ya Januari na PET ya Juni ni kama kulinganisha bei ya jumla na ya rejareja ukidhani umepata faida.

Jioni Nakivubo

Wengi wa wanaoumwa mgongo hapa hawana saratani, na hakuna sababu ya kila mchukuzi kukimbilia mashine. Maumivu ya mzigo hupungua kwa kupumzika. Yanayostahili kuangaliwa ni yale yasiyopungua kwa kupumzika, yanayomwamsha mtu usiku, yanayoambatana na uchovu usioeleweka, kupungua uzito, homa za mara kwa mara, damu kupungua au mfupa kuvunjika kwa jambo dogo. Kipimo cha kwanza cha dalili hizo hakihitaji pasipoti. Ni picha nzima ya damu, kipimo cha figo na cha kalsiamu, vinavyofanyika hapahapa Kampala kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na mashine yoyote kati ya zilizotajwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha uboho huanzia kwenye damu.

Yule mama wa mashuka, kwa dalili zake, angeanzia hapo. Kisha sindano ya nyonga itaje ugonjwa, na MRI au CT ya Kampala ionyeshe mifupa yake ikoje. Daktari wake akisema kwamba bado kuna swali ambalo ni PET tu inayoweza kulijibu, ndipo auze mzigo, akusanye diski zake na apande basi la Nairobi, akijua anakwenda kuuliza nini.